Kitufe cha Kukohoa Kilivyoniponza

Jamani, haya nayasimulia nikiwa nimekaa, na kama kuna mwenye simu inayorekodi naomba aizime kwanza (sitanii, zima), kwa sababu aibu niliyoipata siku ya mkutano mkuu wa chama kile (sikitaji jina, na nyinyi msikitaje) haikuwa aibu ya kuteleza sokoni sketi ikapanda kichwani, hiyo mtu huinuka akajikung'uta akaenda zake. Yangu ilitoka kwenye spika, ikasikika hema zima, na nyuma yake akaja mwanamume wa miwani nyeusi akasimama akinipumulia kisogoni. Mpaka leo nikisikia mtu anapumua nyuma yangu kanisani nahama benchi.

Kwa wasionijua, naitwa Poni, nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Juba, naishi na mama yangu mtaa wa Hai Malakal, na Kiswahili changu nilikiokota Kitale, Kenya, tulikokimbilia vita nikiwa bado nabebwa mgongoni. Rafiki yangu Akinyi, Mkenya anayesimamia kumbi za mikutano kwenye hoteli moja upande wa mtoni, ndiye aliyenipigia simu wiki hiyo. Akaniambia, "Mwalimu, chama kinafanya mkutano mkuu kwetu, wanataka mtu wa kutafsiri hotuba kwa Kiswahili, wana wageni kutoka nchi jirani. Unakaa tu ndani ya kibanda unaongea. Nimewaambia wewe ni mtaalamu." Sasa mimi utaalamu wangu ni ngeli na insha, kibanda cha mkalimani nilikuwa nimekiona kwenye televisheni tu, lakini mtu akishakuita mtaalamu unaanza kujiamini hata kabla hujakata simu.

Na kulikuwa na jambo jingine, hilo nitasema ukweli. Mimi sijawahi kumpigia mtu kura maishani mwangu. Uchaguzi tumeahidiwa, umeahirishwa, tumeahidiwa tena, na safari hii nikajiambia, Poni, nenda ukawasikilize hawa watu kwa masikio yako, usingoje kusimuliwa na dereva wa boda, ndipo ujue kura yako unaiweka wapi. Nilipomweleza mama hakufurahi. Aliniuliza swali moja tu.

"Watakupa chakula?"

"Watanipa, mama."

"Basi mdomo wako uwe wa kulia chakula."

Asubuhi ile nilifika mapema nimevaa kitenge changu kipya, nikampata fundi wa sauti, Ladu, mwanamume wa makamo aliyekulia upande wa Uganda, mpole, mwenye waya mabegani kama nyoka. Kibanda kilikuwa cha mbao, nyuma kabisa ya ukumbi, kina kioo mbele cha kuonea jukwaa na mlango mdogo ubavuni. Ndani kulikuwa na kiti, meza, maiki, na kisanduku chenye vitufe. Ladu akainama akaanza kunionyesha, "Sister, hii ya kuwasha. Hii ya sauti. Na hii ndiyo ya kukohoa, unaona, hii ya kukohoa ina..." Hapo mimi nikaangalia nje nikaona wasichana wawili wa itifaki wananitazama, tena mmoja alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, nikaona haya ya kufundishwa kitufe mbele yake, nikamkatiza.

"Najua," nikasema.

"Unajua kweli? Kwa sababu hii wengine wana..."

"Ladu, najua. Hii ni kazi yangu."

Hilo neno moja ndilo lililonizalia yote. Kama ningenyamaza sekunde kumi angeniambia kwamba kitufe cha kukohoa hufunga maiki pale tu unapokishikilia kwa kidole, ukikiachia inafunguka, kwa sababu ni cha kukohoa, na mtu hakohoi saa nzima. Mimi nilidhani ukikibonyeza mara moja umefunga, ukikibonyeza tena umefungua, kama taa ya sebuleni. Kulikuwa na kitaa kidogo chekundu kilichowaka muda wote. Nikadhani kinaonyesha umeme upo. (Juba hapa, kitu kikionyesha umeme upo unashukuru tu, huulizi zaidi.)

Maagizo yalikuwa kwamba nitafsiri hotuba za Kiarabu peke yake, maana Kiingereza, walisema, kila mtu anaelewa. Wageni wa nchi jirani walikaa safu ya mbele na spika ndogo za masikioni. Nilichojua mimi ni hao tu, watu kama kumi. Ambacho sikuambiwa, na Akinyi naye hakuambiwa, ni kwamba ukumbi ulijaa mpaka watu wakawekewa hema uwanjani, pale magari yanapoegeshwa nyuma ya kibanda changu, na kwa kuwa wengi wa hemani walikuwa watu waliorudi kutoka Kenya na Uganda, na madereva, na wafanyabiashara wa Hai Jalaba, viongozi walitaka kuwaonyesha kwamba sasa sisi ni Afrika Mashariki, wakamwamuru Ladu awawekee spika mbili huko mwisho wa hema: moja ya kuleta sauti ya ukumbini, nyingine ya kuleta Kiswahili. Yaani mimi.

Mwenyekiti alifungua kwa Kiarabu cha Juba nami nikatafsiri vizuri sana, sauti imetulia, nikajisikia kama nimezaliwa kwenye kile kibanda, nikawaza hata mama angenisikia angebadili mawazo. Akamaliza, nikabonyeza kitufe changu mara moja, nikaegemea kiti. Akapanda kiongozi wa vijana, akaanza Kiingereza. Huyo kiongozi wa vijana nywele zimepakwa rangi nyeusi mpaka paji la uso limeingia wino, na tumbo linamtangulia jukwaani, anasema, "Sisi vijana tumechoka kungoja."

Nikacheka peke yangu mle ndani nikasema kwa sauti, "Kijana gani wewe? Wewe umezaliwa kabla ya lami."

Nyuma ya ukuta nikasikia watu wanacheka. Nikadhani kuna wachekeshaji nje.

Akinyi akaingia na chai na mandazi, akafunga mlango, akakaa juu ya sanduku la waya. Akaniuliza, "Wanaweza kutusikia?" Nikamwambia, "Nimefunga." Na ili kumhakikishia nikabonyeza tena, tii, kwa madaha. Basi tukaanza kunywa chai na kuwachambua wakubwa wa watu mmoja mmoja, maana akapanda mwingine wa Kiingereza anaahidi maji ya bomba kila nyumba, nami nikasema mheshimiwa bomba kwetu Hai Malakal lipo, limekaa pale miaka na miaka, kuku ndio wanaolala juu yake, wewe tuletee maji, bomba tunalo. Nje kicheko, tena safari hii na makofi. Nikamwambia Akinyi, "Hawa watu wa nje wanacheka nini kila saa?" Kicheko kikazidi, mtu akapiga kelele ya furaha kama ya harusini. Akinyi akasema, "Labda ni wacheza ngoma." Nikasema, "Ngoma gani ya kuchekesha hivyo? Afadhali tungekaa huko, hapa ndani kuna mashati ya hariri na uongo mtupu."

(Mnacheka. Chekeni. Hema nalo lilicheka hivyo hivyo. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kufikia hapo watu walikuwa wamegeuza viti wakaitazama spika yangu, na simu zilikuwa zimeinuliwa juu.)

Kisha akapanda Mheshimiwa mwenyewe, yule wanayetaka tumchague. Ukumbi ukasimama. Alianza kwa Kiingereza kwa sababu ya kamera, na alikuwa anajua kusema, siwadanganyi, hata mimi nikaweka kikombe chini nikasikiliza. Akasema habari za shule, nikatikisa kichwa nikasema, "Hapo sawa, hapo umenena." Akasema habari za hospitali, nikasema, "Haya, endelea, kura yangu inasogea." Nilikuwa kweli nataka kumpenda, hilo mniamini. Mtu huchoka kutomwamini kila mtu.

Ndipo akafika kwenye barabara ya Nimule, ile iendayo mpakani na Uganda. Akasema barabara ile sasa ni salama, amani imefika, leo mama anaweza kutoka Juba na kikapu chake akalala Nimule bila kuguswa na mtu, na wanaosema vingine ni wavumishaji.

Akinyi alinitazama, kwa sababu yeye anajua.

Nikasema, "Mwongo."

Nikasema, "Mwongo wewe. Kaka yangu Wani alitoka hapa asubuhi na lori lake, akanipigia simu amefika Nesitu, akasema, Poni, nimekunywa chai, chai ya hapa ina tangawizi nyingi, naendelea. Ndiyo maneno yake ya mwisho hayo, tangawizi. Siku ya tatu tuliletewa amefunikwa turubai la lori lake mwenyewe, na mama akakataa kufunua. Wewe unamjua mama yangu? Njoo umwambie yeye ni mvumishaji. Njoo Hai Malakal umwambie."

Nilipomaliza nilisikia kimya. Nyuma ya ukuta hakuna anayecheka, hakuna anayekohoa, hata watoto wamenyamaza. Na kile kimya, jamani, ndicho kilichonifumbua macho kabla ya mtu yeyote. Niliitazama maiki. Nikakitazama kile kitaa chekundu. Akinyi naye akakitazama. Yeye taratibu akaweka mandazi yake mezani, kama mtu anayeweka bunduki chini.

Mlango ukafunguliwa na Ladu, jasho linamtiririka, anasema kwa kunong'ona, "Sister, sister, mimi nilikuwa mbele kwa jukwaa, sasa ndio nimeambiwa, hema yote inasikia, kutoka asubuhi inasikia!" Kabla hajamaliza mkono ukamshika bega ukamsogeza kando, na akaingia yule wa miwani nyeusi. Hakuwa na haraka. Alitutazama, akatazama vikombe viwili, akauliza kwa Kiarabu, "Sauti ni ya nani kati yenu?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi. Sauti yenyewe ilikuwa imeshakimbia.

Akanyoosha kiganja. Nikampa simu. Akaendelea kunyoosha. Nikampa jinsiya, kitambulisho changu cha uraia, na ninyi mnajua mtu bila jinsiya katika mji huu ni nani. Akavitia mfukoni. Akinyi akatolewa nje. Na hapo hapo, kwa bahati yangu ilivyo, Mheshimiwa jukwaani akageukia Kiarabu ili aseme na wananchi, wageni wa mbele, waliokuwa wamezivua spika zao tangu Kiingereza kianze, wakazivaa tena masikioni, wakageuka wote kukitazama kibanda.

"Fanya kazi," yule mtu akaniambia, akasimama nyuma ya kiti changu.

Nikafanya kazi. Sijawahi kutafsiri kwa uaminifu namna ile na sitarajii tena. Mheshimiwa akisita nasita, akisafisha koo nami nasafisha. Na mkalimani husema "mimi", si "yeye", ndiyo desturi, kwa hiyo nikajikuta nawaambia watu kwa mdomo wangu, "Mimi nawapenda wananchi wangu," na pumzi ile iko kisogoni, na Mheshimiwa akapandisha sauti akasema maadui wa amani wako miongoni mwetu, wamekaa nasi, wanakula chakula chetu, nami ilinibidi niseme, "Maadui wa amani wako miongoni mwetu, wanakula chakula chetu," huku natazama nusu andazi iliyobaki mezani. Hemani hakuna aliyecheka. Nadhani waliisikia sauti ilivyobadilika.

Baadaye mimi na Ladu tulifungiwa katika chumba cha kuwekea vitambaa vya meza. Hatukupigwa, hatukutukanwa, tuliachwa tu, na kuachwa ni kubaya kwa sababu kichwa chako ndicho kinachokupiga. Ladu alikaa juu ya marundo ya vitambaa vyeupe, ameshika magoti.

"Wanasema ni mimi nimefungua maiki kwa makusudi," akasema. "Wanasema nimelipwa na chama ingine. Sister, mimi iko na watoto wanne."

Nitawaambia jambo ambalo sijivunii: kwa dakika kadhaa niliwaza kwamba wakimlaumu yeye labda mimi nitaachwa niende kwa mama. Niliwaza hivyo, nikiwa namwangalia usoni. Kisha mlango ukafunguliwa, yule wa miwani akamwita Ladu peke yake, Ladu akainuka hata hakunitazama, na mdomo wangu (safari hii kwa kupenda kwangu) ukafunguka.

"Aliniuliza kama najua kutumia kile kisanduku," nikasema. "Aliniuliza mara mbili. Nikamjibu najua. Sikujua. Kosa ni langu, yeye hana lake."

Yule mtu akatutazama kwa zamu. Akamwambia Ladu aende akakusanye waya zake. Mimi akaniambia, "Kesho saa tatu asubuhi, ofisi ya chama. Jinsiya yako itakungoja huko." Nikatoka nje nikampata Akinyi amekaa kwenye ngazi, macho mekundu, meneja amemwambia asirudi mpaka aitwe, na yeye kibali chake cha kazi kiko mikononi mwa hoteli. Nikaanza kumwomba radhi akanizuia. "Usiongee, Mwalimu," akasema. "Leo usiongee tena. Twende."

Mama nilimweleza yote. Hakugomba. Asubuhi nilimkuta amefunga furushi: blanketi, sabuni, mkate, na sweta ya marehemu Wani. "Huko huwa kuna baridi sakafuni," akasema, kana kwamba ananiaga naenda bweni. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Tukapanda boda moja wote wawili, yeye nyuma amekumbatia furushi.

Ofisini mama aliambiwa angoje uani. Mimi nikaingizwa chumba chenye feni inayolia, na nyuma ya meza alikaa Mheshimiwa mwenyewe, amevaa ndala, anatafuna vidonge vya kiungulia. Kando alikuwa na kiongozi wa vijana (yule yule, wino na tumbo), ameshika simu. Na kwenye kona alikaa mwanamke mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, mkuu wa akina mama wa chama, wanamwita Mama Jokudu, anafuma milaya, yale mashuka yetu ya maua, hakuinua hata macho.

Mheshimiwa akasema kwa Kiarabu, "Ya usitaza, mwalimu wetu, mji mzima unacheka sauti yako, inazunguka kwenye simu, na mimi Kiswahili sijui. Nataka kujua umesema nini. Nimeambiwa mkalimani mzuri hapa mjini ni wewe."

Sikuelewa mara moja. Kiongozi wa vijana akabonyeza simu, na sauti yangu ikatoka, nzuri, imetulia: "Kijana gani wewe? Wewe umezaliwa kabla ya lami." Akasimamisha. Wote wakanitazama wakingoja nitafsiri.

Niliapa moyoni kwamba nitaokoa roho yangu. "Hapo," nikasema kwa Kiarabu, "nilisema kiongozi wetu wa vijana ana uzoefu wa muda mrefu."

Kiongozi wa vijana akatabasamu. Sindano ya kufumia ikasimama.

"Mwalimu," Mama Jokudu akaniita, kwa Kiswahili.

"Naam, mama."

"Mimi nilikulia Arua, huko Uganda. Kiswahili nilifundishwa na askari, kwa kiboko. Nilikuwa ndani ya hema jana." Akavuta uzi. "Tafsiri sawa sawa."

Basi nikatafsiri sawa sawa. Nilimwambia mtu usoni pake kwamba amezaliwa kabla ya lami. Mheshimiwa akacheka mpaka kidonge kikampalia, na yule mwingine hakucheka. Tukaenda kwenye kuku na bomba. Tukaenda kwenye mashati ya hariri na uongo mtupu (Mheshimiwa akatazama shati lake). Kila neno langu lilitoka kwenye simu kwa Kiswahili, likaniingia sikioni, likatoka kinywani mwangu kwa Kiarabu, na mimi ndiye shahidi, mimi ndiye mshtakiwa, mimi ndiye ninayejisomea mashtaka.

Kisha simu ikasema, "Mwongo."

Kwa Kiarabu cha Juba neno hilo ni fupi, kadab, na halina upole wowote ndani yake. Nikatazama sakafuni kwanza. Nikamwaza mama nje na blanketi. Nikasema, "Kadab." Na hakuna aliyenizuia, kwa hiyo nikaendelea mpaka mwisho, Nesitu, chai, tangawizi, turubai, mama aliyekataa kufunua. Kwa Kiswahili nilikuwa nimeyasema kwa hasira. Kwa Kiarabu, lugha ambayo Wani alikuwa ananitania nayo nyumbani, yalinitoka polepole sana, na sikulia, hilo mlikumbuke.

Feni ikalia. Mama Jokudu alikuwa ameweka milaya magotini.

Mheshimiwa akaniuliza, "Lori lilikuwa limebeba nini?"

"Lilikuwa linaenda tupu," nikasema. "Kuchukua vitunguu."

"Vitunguu," akarudia. Kiongozi wa vijana akaandika kwenye daftari. Kisha Mheshimiwa akafungua droo, akatoa jinsiya yangu na simu, akavisukuma mezani. "Nenda ukafundishe watoto. Na nikisikia sauti yako tena kwenye simu ya mtu, hatutaongea tena hivi."

Nilitoka nikamkuta mama amesimama kwenye jua, hajakaa kabisa. Aliniona, akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akanivuta mpaka tulipoivuka barabara.

Akinyi aliitwa kazini baada ya wiki mbili, akahamishiwa ufuliaji, kisha wakamrudisha kumbini kwa sababu hakuna mwingine aliyejua funguo. Ladu tukikutana ananisalimia kwa kukohoa. Shuleni wanafunzi waliimba "umezaliwa kabla ya lami" muhula mzima. Hayo yote niliyavumilia. Gari likipunguza mwendo mbele ya uzio wetu bado nilikuwa nasimama katikati ya chumba na kijiko mkononi, mpaka lipite.

Halafu siku moja jioni mama alikuwa anachambua maharage, redio inaongea, na Mheshimiwa alikuwa anahutubia mkutano wa hadhara. Akafika kwenye barabara ya Nimule. Nikataka kuzima, mama akanizuia kwa kidole. Akasema, kwa sauti ya huzuni, kwamba barabara ile bado inaua, na kwamba mwalimu mmoja alimjia ofisini, akapiga magoti akalia, akamsimulia habari za kaka yake, kijana wa vitunguu, aliyekunywa chai ya tangawizi Nesitu asirudi. "Kijana yule ni mwanangu," akasema. "Nipeni kura nimlipie." Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Muda mrefu.

Mama hakuacha kuchambua.

"Amemtaja jina?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Basi huyo anayemsema simjui," akasema, akatupa jiwe dogo nje ya ungo.

Mimi kura yangu nitapiga, Mungu akitufikisha, na nani nitampigia hata nyinyi siwaambii. Lakini jambo la Wani nimeapa sitalisema tena mahali ambapo mtu anaweza kulichukua akaondoka nalo. Leo nimelisema kwa sababu ni nyinyi. Na hata nyinyi, hebu tuhakikishe tena, zile simu mmezizima?